Nyumba ya kale ya ghorofa iliyokarabatiwa: maswali ya mnunuzi kabla ya kutia saini

Tangazo linaonyesha ngazi zenye nakshi, dari ndefu, meko ya marumaru na jiko jipya linalong'aa. Picha 30, na hakuna hata moja ya paa. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa na watu wanaotaka kununua nyumba ya fahari ya zamani katikati ya jiji kubwa, pamoja na majibu ninayowapa. Mifano mingi ni ya London, New York na Amsterdam kwa sababu huko nyumba hizi zimejaa mitaa kwa mitaa. Sheria za mji mwingine zitakuwa na majina mengine, ila maji hupenya ukuta kwa njia ileile popote.

Tunazungumzia nyumba ya aina gani hasa?

Nyumba ya familia moja, nyembamba, iliyopanda juu kwa ghorofa tatu hadi tano, majirani wameibana kulia na kushoto, na mlango wake unafunguka moja kwa moja barabarani. Mara nyingi ghorofa moja imezama nusu chini ya ardhi.

Umbo hilo lilitokana na ardhi na moto. Manhattan viwanja vilipimwa futi 25 kwa 100, yaani karibu mita 7.6 kwa 30.5, na wajenzi wenye tamaa wakaunganisha viwanja na kuvigawa upya ili wapate nyumba nyingi zaidi za futi 20, 18, hata 16. London nako, baada ya moto mkubwa wa 1666, sheria ililazimisha kuta za matofali au mawe. Mwaka 1709 ikaamriwa fremu za madirisha zirudishwe ndani ya ukuta kwa inchi 4 ili moto usidandie mbao kirahisi, na sheria ya 1774 ikazipanga nyumba katika madaraja manne, kila daraja na unene wake wa kuta. Ndiyo maana mtaa mzima unaweza kufanana kama mapacha.

Dokezo dogo, maana kila dalali hulisimulia: dirisha lililozibwa kwa matofali si lazima liwe limezibwa kukwepa kodi ya madirisha. Kodi hiyo ilikuwepo kweli Uingereza, kuanzia 1696 hadi 1851, lakini madirisha mengi ya bandia yalijengwa hivyo tangu siku ya kwanza ili uso wa nyumba ulingane pande zote.

Tangazo linasema "imekarabatiwa yote". Maana yake nini?

Maana yake ni ile anayoitaka aliyeandika. Hakuna sheria ya lugha inayomzuia mtu kuita rangi mpya na sinki jipya "ukarabati kamili".

Mimi huwa nauliza swali moja tu: lipu ilibanduliwa? Kama kuta na dari hazikufunguliwa, basi nyaya, mabomba na vichwa vya boriti ni vilevile vya zamani, na kilichobadilika ni ngozi. Kama zilifunguliwa, naomba picha za siku zile, nyumba ikiwa uchi. Mkarabati aliyefanya kazi yake vizuri anazo kwenye simu, tena atakuonyesha kwa fahari hadi umwombe anyamaze. Anayeng'ata maneno, au anayesema fundi ndiye aliyekuwa na picha na fundi amehama, amekujibu tayari.

Kuna na aina nyingine ambayo wengi hawaijui. Uso wa mbele umebakizwa na kila kitu nyuma yake kimebomolewa na kujengwa upya kwa chuma na zege. Hiyo inaweza kuwa nyumba nzuri sana kuishi, kavu na tulivu. Lakini basi ni nyumba mpya iliyovaa kofia ya babu, na usiilipie bei ya ukale.

Nitatambuaje ukarabati wa kweli nikiwa ndani ya nyumba?

Nenda na tochi, viatu usivyovionea huruma, na muda usiopungua saa mbili. Anzia juu kabisa, maana matatizo mengi ya nyumba hizi huingia kwa paa na kushuka.

Juu, omba kupanda kwenye dari. Vigae vya mawe meusi ya sleti huweza kudumu zaidi ya miaka 100, lakini misumari inayovishikilia huoza kabla yake, na vigae vikaanza kuteleza kimoja kimoja. Angalia kama kuna nukta za mwanga. Angalia mahali paa linapokutana na ukuta wa jirani na pale dohani linapotokeza, kwani ndipo maji hupapenda. Nyumba nyingi za safu zina mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta wa mbele, usioonekana kutoka barabarani. Jani moja la mti likiziba hapo, maji huingia ndani ya ukuta wenyewe.

Kisha shuka kwa kufuata pembe za mbele na nyuma, zile ambako mabomba ya mvua hupita nje. Weka kiganja ukutani. Ukuta wenye unyevu ni wa baridi zaidi ya mwenzake, na rangi yake mpya huwa na vipele vidogo. Nusa. Harufu ya uyoga ndani ya kabati la ukutani inaweza kuwa ya kuvu inayokula mbao, ile mbaya kuliko zote wanayoiita Serpula lacrymans. Inahitaji mbao zenye unyevu unaozidi karibu asilimia 20, na ikishajijenga inaweza kutambaa juu ya matofali kutafuta mbao nyingine. Kisigino nacho ni kipimo: kanyaga sakafu karibu na ukuta wa nje. Vichwa vya boriti vimechomekwa ndani ya ukuta huo, navyo huoza kwanza kwa kuwa hakuna anayeviona.

Niliwahi kupita katika nyumba ya ghorofa tano iliyokuwa imepakwa rangi wiki hiyohiyo. Kila kitu cheupe, kila kitu kimenyooka. Katika chumba cha kulala cha juu kulikuwa na kabati kubwa lililosukumwa kwenye pembe, ilhali chumba kizima kilikuwa kitupu. Nilimwomba dalali tulisogeze. Akacheka, akasema ni zito. Tulilisogeza wawili, na nyuma yake doa la rangi ya chai lilikuwa limeshuka kutoka darini hadi usawa wa goti, na chini yake ubao wa pembeni mwa sakafu ulikuwa laini kama mkate. Hakuna aliyesema uongo pale. Ni kabati tu.

Nyufa je? Kila ukuta una ufa.

Nyumba ya miaka 150 isiyo na ufa hata mmoja imepigwa lipu jana. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu si habari. Habari ni ufa unaopanda kama ngazi kwenye viungo vya matofali, unaozidi milimita 5, ulio mpana juu kuliko chini, au unaoonekana ndani na nje mahali palepale. Milango iliyochongwa upya kwa randa ili ifunge ni dalili nyingine. Tazama pengo la juu kama limekaa upogo.

Sababu hutegemea udongo. London imekaa juu ya mfinyanzi unaosinyaa kiangazi kikiwa kikavu na kuvimba mvua zikirudi, na miti mikubwa huzidisha jambo. Amsterdam nyumba za kale zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa ardhini. Mbao hizo hudumu karne nyingi zikiwa ndani ya maji. Maji ya ardhini yakishuka na hewa ikazifikia, zinaoza. Huko swali la kwanza la mnunuzi ni hali ya msingi na mwaka uliokaguliwa, jiko linafuata baadaye sana.

Nyumba iliyoinama zamani na kutulia unaweza kuishi nayo. Inayoendelea kuinama ndiyo ya kuogopa, na tofauti hiyo anaijua mhandisi wa miundo aliyeweka vipimo kwa miezi, si mtu aliyekuja na rula mchana mmoja.

Kwa nini mafundi wa nyumba za kale hawaachi kuzungumzia chokaa?

Kwa sababu hapa ndipo ukarabati wenye nia njema huua nyumba. Kuta hizi zilijengwa kwa matofali laini na chokaa. Maji huingia kidogo mvua ikinyesha na kutoka tena jua likiwaka, na hutokea kwenye viungo, kwa kuwa chokaa ni laini kuliko tofali. Kiungo kikichakaa unakijaza upya baada ya miongo kadhaa, tofali linabaki.

Saruji ya Portland ilipewa hataza na Joseph Aspdin wa Leeds mwaka 1824, na baadaye ikaenea kila mahali kwa sababu inakauka haraka na ni ngumu. Ugumu huo ndio balaa. Ukijaza viungo vya ukuta wa chokaa kwa saruji, maji hayapati pa kutokea isipokuwa kupitia uso wa tofali lenyewe. Baridi ikija yanaganda, yanatanuka, na uso wa tofali unabanduka kama ganda la yai. Kwa macho ya mnunuzi ukuta ule unaonekana imara na nadhifu, viungo vya kijivu vimenyooka. Baada ya misimu michache viungo vinabaki vimetokeza nje kama mbavu na matofali yamerudi ndani.

Chukua ufunguo wako ukwaruze kiungo mahali pasipoonekana. Chokaa hutoa unga. Saruji itakukwaruzia ufunguo.

Na nyumba za mawe ya kahawia za New York?

Jiwe lenyewe ni ngozi tu, unene wa inchi chache mbele ya ukuta wa matofali. Ni mchanga-mwamba, na mwingi ulichimbwa Portland, Connecticut. Jiwe hilo lina matabaka kama kurasa za kitabu. Wajenzi wa karne ya 19 mara nyingi walilisimamisha huku kurasa zikitazama barabarani badala ya kulilaza kama lilivyolala ardhini, hivyo maji yakiingia, ukurasa wa mbele unafunguka na kudondoka. Ndiyo sababu nyuso nyingi unazoziona leo zimepigwa lipu iliyotiwa rangi ya kahawia na kuchorwa ionekane jiwe. Si kosa. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia utupu, lipu imeachana na ukuta.

Nyumba iko kwenye orodha ya majengo ya urithi. Nitaweza kubadilisha nini?

Inategemea nani aliyeiorodhesha, na wanunuzi wengi hukosea kwa kudhani kinga ni ya uso wa mbele pekee.

Nchini Uingereza majengo yaliyoorodheshwa yako katika madaraja matatu, I, II kwa nyota na II, na zaidi ya asilimia 90 yako daraja la II. Watu hudhani daraja la II ni kinga hafifu. Kinga inashika jengo zima, nje na ndani, pamoja na kilichoungwa nalo: ngazi, milango, meko, nakshi za dari, hata banda la uani kama lilijengwa kabla ya Julai 1948 na ni sehemu ya kiwanja. Kuvunja ukuta kati ya vyumba viwili ili upate jiko la wazi, bila idhini, ni kosa la jinai.

New York ilipata sheria yake mwaka 1965, miaka miwili baada ya kuanza kubomolewa kwa kituo cha reli cha Pennsylvania Station, kidonda ambacho wapenda majengo wa mji ule bado wanakigusa. Mwaka huohuo Brooklyn Heights ikawa eneo la kwanza la kihistoria kulindwa. Kule tume ya kulinda majengo ya kihistoria inatazama hasa kinachoonekana nje, yaani madirisha, mlango, ngazi za mbele na rangi ya uso, na ndani ya nyumba ya mtu binafsi una uhuru mkubwa zaidi.

Kwa vyovyote, usinunue kwa mpango wa "nitaomba kibali baadaye". Kama ndoto yako inahitaji lifti ya kioo, ghorofa ya ziada juu ya paa au bwawa chini ya ardhi, msanifu majengo anayefahamiana na ofisi ya mipango ya eneo lile akusikilize kabla ya wakili. Mazungumzo ya saa moja naye ni rahisi kuliko miaka ya kungoja.

Mwenye nyumba aliyetangulia alijenga bila kibali. Lawama ni ya nani?

Ya kesi ni yake. Ya kurekebisha inaweza kuwa yako. Kwa majengo yaliyoorodheshwa Uingereza, mamlaka inaweza kumwamuru mmiliki wa sasa arudishe kilichoondolewa, na hakuna muda ambao ukipita shauri hilo linakufa. Mtu aling'oa meko miaka ya 1980, wewe umenunua leo, barua inakuja kwako.

Linganisha nyumba ilivyo na ramani zilizoidhinishwa, chumba kwa chumba. Bafu lisilo kwenye ramani linahitaji maelezo.

Niombe karatasi gani?

Hati miliki na vizuizi vyake, kwanza kabisa, na ujue kama unanunua ardhi yenyewe au upangaji wa miaka mingi tu. London nyumba za fahari katika mitaa ambayo ardhi yake ni ya wamiliki wakubwa wa tangu kale zinaweza kuwa za mkataba wenye miaka ya kuhesabika iliyobaki, na miaka ikipungua thamani nayo inapungua. Halafu vibali vya ujenzi pamoja na vyeti vya kukamilika, kwa sababu kibali kinasema kazi iliruhusiwa na cheti ndicho kinachosema ilikaguliwa. Watu hupokea cha kwanza wakadhani wamemaliza.

Omba pia vyeti vya umeme na gesi, dhamana za paa na za kuzuia unyevu (soma kama zinahamishika kwa mmiliki mpya, nyingi zina sharti), na risiti za mafundi. Risiti zinasema ukweli kuliko tangazo. Nyumba inayodaiwa kuwekewa paa jipya haiwezi kuwa na risiti ya vigae ishirini.

New York kuna cheti cha matumizi kinachosema nyumba inaruhusiwa kukaliwa vipi. Majengo ya kabla ya 1938 yanaweza kuwa bila cheti hicho kihalali, mradi matumizi hayakubadilishwa. Nyumba nyingi za fahari ziligawanywa vyumba vya kupangisha wakati maisha yalipokuwa magumu, kisha zikaunganishwa tena kuwa nyumba moja. Kama karatasi bado zinasema ni vyumba vya kupanga, utakuta unamiliki nyumba ya familia moja ambayo serikali haijui kuwa ipo.

Mkaguzi wa benki ameshapita. Bado nahitaji wangu?

Ndiyo. Wa benki alikwenda kuona kama nyumba inatosha kulipa deni ukishindwa. Hakupanda darini. Chukua mkaguzi wa majengo aliyezoea nyumba za kale, na kwa Uingereza omba ukaguzi wa kina zaidi kati ya madaraja matatu ya RICS, chama cha wakaguzi na wapimaji majengo, yaani la 3. Kisha ongeza kamera ya kuingizwa kwenye mabomba ya maji machafu. Mabomba ya udongo wa kuchoma ya enzi zile yana viungo ambavyo mizizi ya miti huvipenda, na hakuna jiko jipya linaloweza kukuonyesha hilo.

Ukuta wa pamoja na majirani una mambo gani?

Una mambo mengi, na mengi ni ya watu zaidi ya matofali. Ukuta ule unabeba boriti za nyumba mbili. Uingereza na Wales sheria ya 1996 inamtaka anayeugusa ampe jirani taarifa ya maandishi na, wasipoelewana, wapimaji waamue. Muulize muuzaji kama ukarabati wake ulikuwa na makubaliano hayo na kama kuna dai lolote lililobaki.

Halafu gonga mlango wa jirani. Kweli, gonga. Atakuambia dakika kumi za mambo ambayo dalali hatayasema mwaka mzima: mafundi walifanya kazi miezi mingapi, maji yaliingia kwake lini, kama anakusudia kuchimba chini ya nyumba yake mara tu utakapohamia.

Rangi ya risasi na asbesto nizichukulie vipi?

Kwa uzito, bila hofu. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani mwaka 1978. Kwa nyumba za kabla ya hapo muuzaji lazima aseme anachokijua, na mnunuzi anapewa siku 10 za kupima akitaka. Rangi ya kale iliyofunikwa na iliyotulia haina shida kubwa. Vumbi lake ndilo sumu, hasa kwa watoto wadogo, na vumbi hutoka palepale madirisha na milango inaposuguana au fundi anapopiga msasa mkavu. Kwa hiyo ukarabati mbovu unaweza kuiacha nyumba na sumu kuliko ilivyokuwa kabla.

Asbesto ilizuiwa kabisa Uingereza mwaka 1999 tu, hivyo nyumba ya 1840 iliyokarabatiwa 1970 inaweza kuwa nayo kuzunguka mabomba ya joto. Ukale wa nyumba haukukingi. Mabomba ya maji ya risasi nayo hukaguliwa pale yanapoingilia kutoka barabarani, maana mara nyingi ndani yamebadilishwa na kipande cha nje kimesahauliwa.

Umeme?

Fungua kisanduku kikuu, tazama tarehe ya ukaguzi. Soketi mpya si ushahidi wa nyaya mpya. Katika nyumba za Marekani za kabla ya miaka ya 1940 bado hukutwa nyaya zilizopitishwa juu ya vigurudumu na mirija ya kauri, zisizo na waya wa ardhi, na kampuni za bima hazizipendi.

Ngazi zote hizo! Lifti inawezekana?

Mara nyingi, ndiyo, ila itakula kona ya kila ghorofa. Ujue jinsi nyumba ilivyopangwa: jiko na watumishi chini, vyumba vya wageni ghorofa yenye dari ndefu kuliko zote, vyumba vya kulala juu yake, na watumishi tena chini ya paa. Juu palikuwa pa wanyonge kwa sababu ya miguu. Lifti ya kwanza ya abiria yenye breki ya usalama ya Elisha Otis ilianza kazi New York mwaka 1857, tena dukani, na tangu hapo polepole dunia ikageuka, tajiri akahamia juu. Nyumba za safu zilibaki na mpango wa zamani. Utaona wakarabati wakitengeneza chumba kikuu cha kulala ghorofa ya juu, na dari yake ni fupi, kwa kuwa hakikujengwa kwa ajili ya bwana mwenye nyumba.

Kabla ya kununua kochi, pima ngazi. Amsterdam walikata tamaa ya ngazi zamani, wakaweka boriti yenye ndoano juu ya kila nyumba na kupandishia mizigo madirishani.

Madirisha ya kale yanapitisha baridi na kelele. Nibadilishe?

Taratibu. Madirisha ya kupandisha na kushusha, yenye vyuma vizito vilivyofichwa ubavuni, yanatengenezeka karibu milele: kamba mpya, brashi za kuziba upepo, putty ya kushikilia vioo. Kwa kelele, kioo cha pili upande wa ndani chenye pengo la milimita 100 au zaidi hufanya kazi nzuri kuliko wengi wanavyodhani, na hakigusi dirisha la asili. Vioo vyenye mawimbi mawimbi usivitupe. Vilitengenezwa kwa pumzi ya mtu, na wala havijatiririka kwa uzee kama hadithi isemavyo.

Bei inapimwaje?

Kwa mita za mraba, na hapo ndipo unapopunjwa. Mita ya chumba cha wageni chenye dari ya mita 4 na mita ya stoo ya chini isiyo na dirisha huandikwa sawa. Omba mchoro wenye kila ghorofa peke yake, ondoa ghorofa ya chini ya ardhi, kisha gawanya tena bei uone. Kitu kingine ni upana wa mbele. Nyumba ya mita 6 na ya mita 5 zinaweza kuwa na eneo moja kwenye karatasi, lakini katika ya mita 5 ngazi zikishachukua sehemu yake, chumba kinageuka ukumbi wa kupita.

Lipia meko, ngazi na dari vilivyo vya asili kweli. Jiko usililipie mno, utalibadilisha mwenyewe baada ya miaka 15.

Bima na mkopo vina tofauti gani na nyumba ya kawaida?

Bima ikatwe kwa gharama ya kuijenga upya, ambayo kwa nyumba yenye nakshi na mawe ya kuchonga inaweza kwenda mbali na bei ya soko, kwa kuwa mamlaka inaweza kutaka irudishwe ilivyokuwa. Soma pia kifungu cha nyumba tupu: bima nyingi hupunguza kinga ikikaa bila mtu siku 30 au 60, na mwenye nyumba ya fahari anayesafiri sana huvuka muda huo bila kujua. Benki kwa upande wake itataka ripoti ya mhandisi ikiona neno "ufa". Ipe mapema.

Dalali anasema kuna mnunuzi mwingine na kesho atatia saini.

Huenda yupo. Mwambie akupigie simu yule mwingine akirudi nyuma.

Siku ya kukabidhiwa funguo niombe nini?

Vigae vya paa vilivyobaki, makopo ya rangi yenye namba zake, na jina la fundi aliyepiga lipu. Muombe muuzaji atembee nawe akuonyeshe valvu kuu ya maji, mfuniko wa maji machafu na mlango wa kupandia mferejini. Kama hajui valvu iko wapi, muite fundi bomba kabla ya gari la samani halijafika.